Nane Haina Jina

Mlango wa nyumba ya Bibi Zumra ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo kwa miaka ishirini na mitatu. Si usiku, si mchana, si wakati wa theluji. Ndara za mwanawe Ferhad zilikaa nyuma ya mlango huo, ncha zikitazama ndani, kama za mtu aliyekwisha kuingia. Na kila Jumamosi asubuhi kahawa ikishamiminwa, vikombe mezani vilikuwa vitatu, ingawa wa kunywa walikuwa wawili tu. Cha tatu kilipoa mpaka kikafanya utando juu, kisha Zumra akakitoa nje na kukimwaga kwenye shina la mti wa mapea. Msinicheke, lakini mti ule ndio uliozaa kuliko yote mtaani kwetu.

Ferhad alitoka kwa mlango huohuo mwaka wa vita. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kibati cha tumbaku mfukoni, akawafuata wanaume wengine waliokuwa wakikimbilia msituni. Wengine walifika ng'ambo ya pili ya milima. Yeye hakufika, wala maiti yake haikuonekana. Huku Bosnia watu wa namna hiyo tunao wengi, na kila mmoja ameacha nyumba moja ambayo saa yake imesimama.

Mersiha, dada yake Ferhad, alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari. Alikuwa amerudi kuishi na mama yake mwezi wa Septemba, baada ya mama kuanguka bafuni na kuteguka nyonga. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, mkavu, mwenye chaki kwenye mkono wa sweta, asiyeamini jambo mpaka aone limethibitishwa kwenye karatasi. Wiki ileile aliyorudi, simu ilipigwa kutoka ofisi ya waliopotea. Sauti ya dada mmoja, mpole, aliyezoea kazi yake.

"Mwalimu, kuna mifupa imetoka kule mlimani. Damu yako uliyotupatia zamani inafanana nayo, lakini damu ya dada peke yake haitoshi. Tungepata ya mama, tone moja tu la kidoleni, tungekuwa na hakika."

Mersiha akamweleza mama. Mama alikuwa akimenya vitunguu, na hakuinua kichwa.

"Maharage hayajasema," akajibu.

Basi hapo ndipo mambo yalipokwama. Bila damu ya Zumra hapakuwa na jina, bila jina hapakuwa na kaburi, na mifupa ile ingebaki kwenye rafu, ndani ya mfuko wenye namba.

Maharage yenyewe yalikuwa ya madoadoa, ya urithi, kutoka kwa bibi yake Zumra. Arobaini na moja, yamesuguliwa na vidole vya wanawake wanne hadi yakang'aa kama vifungo vya koti. Zumra alipiga ramli kwayo. Imamu aliwahi kusema hadharani kwamba ni dhambi, na Zumra akasema imamu ana haki ya kusema, na mke wa imamu ana haki ya kuja Jumatano akipitia mlango wa nyuma.

Ramli yake ni hivi. Unayamwaga mezani, unayagawa kwa mkono mafungu matatu, bila kuhesabu, mkono upite unavyotaka. Kila fungu unaliondoa nne, nne, nne, mpaka libaki harage moja, au mawili, au matatu, au manne. Hayo yaliyobaki unayapanga mstari wa juu. Kuna mstari wa pili na wa tatu pia, wenye habari za moyo na za miguu na za majirani wenye husuda, lakini huo wa juu ndio mlango. Yajumlishe ya mstari wa juu: yakiwa tano, mlango umefungwa, jambo limekwisha. Yakiwa tisa, mlango u wazi, kitu kinakuja. Na siku zote ni tano au tisa. Wanawake wa ukoo ule walilijua hilo kwa miaka mia, kwa kuona tu. Sita haikuwahi kutokea. Nane haikuwahi kutokea. Ndiyo maana nane haina jina katika ramli, hakuna bibi aliyewahi kuihitaji.

Mersiha alikuwa na miaka kumi na minne alipogundua sababu. Arobaini na moja, ukiondoa nne nne, hubaki moja. Uyagawe mafungu matatu au mia, ile moja ya ziada lazima itokee mahali. Mafungu matatu hayawezi kuacha chini ya matatu wala zaidi ya kumi na mawili, na humo katikati namba zinazozidi mafungu ya nne kwa moja ni tano na tisa tu. Aliandika hesabu hiyo nyuma ya daftari la jiografia, akakimbia nayo jikoni akipiga kelele.

"Mama! Si majini! Ni kugawanya kwa nne!"

Zumra aliitazama karatasi, kisha akamtazama binti yake kwa huruma.

"Mwanangu, na nani aliyeziambia nne zikae hivyo?"

Tangu hapo kila mmoja aliishi na elimu yake. Mersiha akaenda mjini kusoma, akafundisha huko, akaolewa, akaachika, na kwa miaka mingi hakukaa tena kwenye meza ile.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, alikuwa akinywa kahawa yake mama alipoyamwaga maharage. Devleta, jirani yao, alikuwa amekaa pembeni, mjane mnene mwenye mdomo usiolala, akila mapea bila kualikwa.

"Kwa Ferhad," akasema Zumra, kama alivyosema kila Jumamosi. Akagawa. Akaondoa nne, nne, nne. Akapanga mstari wa juu. Mawili. Matatu. Matatu.

Mersiha alijumlisha kwa mazoea tu, kama mtu asomavyo bango la duka akipita. Kikombe kikamgandia mkononi.

"Nane," akasema.

"Nane," akasema Zumra, kwa utulivu kabisa. "Ni nane tangu aondoke. Ikikosa ni nne. Mara chache mno ni kumi na mbili. Tano sijaiona, tisa sijaiona. Mlango haujafungwa, na wala hauko wazi."

"Mwanangu, mimi nilishamwambia ayatupe kwenye supu," akasema Devleta. "Maharage ya miaka mia hayaivi haraka, lakini meno tunayo."

"Meno unayo wewe, Devleta, kwa sababu ulimi haukupi nafasi ya kutafuna."

Walicheka wote wawili. Mersiha hakucheka. Akili yake ilikuwa imekwisha kumwambia: pamepungua moja. Hilo ndilo jibu, mwanafunzi yeyote angelitoa. Kwa hiyo aliuliza, akijaribu kuifanya sauti iwe ya kawaida.

"Mama, maharage ni mangapi?"

Zumra akamtazama machoni. "Arobaini na moja, kama ya bibi yangu. Mungu shahidi."

Sasa, mnapaswa kumjua Zumra. Mwanamke huyu alimrudishia muuza maziwa senti aliyomzidishia, akiwa na mguu mbovu, kilomita mbili kwenda. Hakusema uongo. Na akimtaja Mungu, hata Devleta alinyamaza. Maharage ya mtu hayaguswi na mwingine, achilia mbali kuhesabiwa; kuyahesabu ni kama kumhesabia mtu miaka yake. Basi Mersiha akabaki na mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja: mama yake hasemi uongo, na nane haiwezekani. Msinichoshe kwa kusema angechagua moja. Ukiwa kwenye nyumba ile, na zile ndara nyuma ya mlango, na kikombe cha tatu kikipoa mbele yako, utaona ni lipi linalokuja kwanza kichwani. Mersiha, msomi, aliogopa. Kila upepo ulipousukuma mlango alijikuta ameinuka nusu kitini.

Akanunua daftari. Jumamosi ishirini alikaa mezani, akaandika chini ya meza, mapajani, kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Nane mara kumi na tano. Nne mara nne. Kumi na mbili mara moja. Tano, hakuna. Tisa, hakuna.

Zumra alikuwa ameweka nadhiri mbele ya Devleta. "Siku mstari wa juu ukisema tano, nitakwenda mwenyewe kutoa damu. Mlango ukifungwa, nitakubali. Lakini siwezi kumzika mtu ambaye maharage hayajamzika."

Mwezi wa Februari, mtaala ulifika kwenye uwezekano. Kila mwaka Mersiha alitumia sarafu. Mwaka huo alikwenda darasani na kilo mbili za maharage.

"Kuna uwezekano wa kwenye karatasi," akawaambia, "na kuna uwezekano wa mezani. Wa kwenye karatasi unaupata kwa kufikiri, kabla hujagusa kitu. Wa mezani unaupata kwa kutupa, kutupa tena, na kuandika. Ukitupa mara kumi, watakuwa maadui. Ukitupa mara elfu, wataanza kusalimiana. Na wasiposalimiana kabisa, basi kuna kitu hukukijua ulipokuwa ukifikiri."

"Mwalimu, tunapiga ramli?" akauliza mmoja.

"Tunafanya hesabu."

"Bibi yangu hufanya hesabu hiyohiyo, ila analipwa."

Walicheka, wakakaa wawili wawili, jozi kumi na tano, kila jozi maharage arobaini na moja, mitupo ishirini. Mersiha aliandika ubaoni hesabu ya karatasi: kuna namna kumi na sita za kupanga mstari, kumi zinatoa tisa, sita zinatoa tano. Katika mitupo mia tatu, tisa ije kama mara mia moja themanini na saba na nusu. Darasa likajaa mlio wa maharage kwenye mbao. Akawa akipita katikati ya madawati, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba kifua kilimlegea. Tano. Tisa. Tisa. Tano. Tisa. Dunia ilikuwa mahali pake.

"Mwalimu," akaita msichana aitwaye Lamija, dawati la nyuma, "sisi tumepata nane."

Mersiha alisimama palepale. Waliokuwepo walisema alikuwa mweupe kama ukuta. Alitembea hadi dawati lile polepole, akatazama: moja, matatu, manne. Nane.

"Mmetupa vibaya," akasema, kwa sauti ambayo hawakuijua.

"Hatukutupa vibaya, mwalimu. Angalia, hili hapa limeanguka chini." Lamija akainama, akalitoa harage chini ya mabomba ya joto, akalipuliza vumbi. "Lilikuwa limepungua moja tu."

Moja tu. Darasa liliendelea. Mwishoni walijumlisha: tisa mara mia moja themanini na saba, tano mara mia moja na kumi na tatu. Waliipigia makofi ile nusu iliyopotea. Mersiha alikuwa ameshageukia ubao, akiandika kwenye kona, kwa maandishi madogo, hesabu ya maharage arobaini: kati ya namna kumi na sita, nane ni kumi na mbili, nne ni tatu, kumi na mbili ni moja. Katika Jumamosi ishirini, nane mara kumi na tano. Daftari lake la chini ya meza lilikuwa limemwambia hivyo hivyo miezi mitano, na yeye hakutaka kulisikia.

Ijumaa, mama alipokuwa bafuni akijitayarisha kwa sala, Mersiha aliingia chumbani kwake. Mfuko ulikuwa chini ya mto. Alihesabu kitandani, akihema kama mwizi. Arobaini. Akahesabu tena. Arobaini.

Mama alikuwa amesema uongo, na amemshuhudisha Mungu. Jambo hilo lilimuumiza kuliko alivyotarajia. Kisha likamjia lililo zito zaidi: kwa maharage arobaini tano haiji. Si kwamba ni vigumu kuja, haiji kabisa, hata Zumra akitupa mpaka Kiyama. Nadhiri ile ilikuwa ya siku isiyokuwepo. Ferhad angebaki kwenye rafu milele, na mama angekufa akiwa na kikombe cha tatu mezani.

Akaenda jikoni. Kwenye gunia la maharage ya kupikia alichagua moja lenye madoadoa yaleyale, ukubwa uleule. Alilisugua kwa mafuta ya kokwa za jozi, akalipaka machicha ya kahawa, akalisugua tena kwa kitambaa cha sufu mpaka likang'aa. Alilitia mfukoni mwa maharage ya mama, akaufunga kwa fundo lilelile, akaurudisha chini ya mto. Halafu akakaa na kupiga hesabu, maana hakujua namna nyingine ya kuomba dua. Tano ingekuja mara tatu katika kila mitupo minane. Kwa Jumamosi nne, uwezekano wa kuiona angalau mara moja ulikuwa asilimia themanini na tano hivi. Ilikuwa hesabu nzuri, na mtu aliyekata tamaa huona hesabu nzuri ni ahadi.

Jumamosi ya kwanza, Zumra aliyamwaga maharage. Mkono wake, ulipopita juu yake, ulisita. Kidogo sana. Kisha ukagawa. Nne, nne, nne. Mawili. Manne. Matatu.

Devleta aliacha kutafuna.

"Tisa," akasema Devleta. "Zumra, ni tisa."

"Nimeona."

"Mlango u wazi! Anakuja!"

"Nimeona, Devleta."

Zumra akaondoka mezani akichechemea. Alitoa shati la Ferhad kabatini, akalifua ingawa lilikuwa safi, akalianika juu ya jiko. Alikanda unga, akaunyoosha mwembamba hadi ukafunika meza nzima, akatengeneza mkate wa jibini aliokuwa akiupenda mwanawe. Mersiha alimtazama akizibana kingo za unga kwa vidole vyake vilivyopinda. Hakuwa ameifikiria tisa. Mwalimu mzima wa hisabati, alitia harage ili mlango ufungwe, akasahau kwamba kwa kila mitupo mitatu aliyoitaka kulikuwa na mitano asiyoitaka.

Jumamosi ya pili, tisa. Zumra akazipangusa ndara vumbi. Ya tatu, tisa. Akamwambia Mersiha atandike kitanda cha chumba cha nyuma, na Mersiha akatandika, kwani angesema nini? Ya nne, manne, manne, moja. Tisa.

Tisa mara nne mfululizo ni kama moja katika saba. Jambo la kawaida kabisa. Darasani kwake, katika mitupo minne ya mwanzo, lilitokea meza mbili. Mersiha alijiambia hivyo akiwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, akitazama mto uliokung'utwa na shati lililokunjwa juu yake, na haikumsaidia. Jioni ya mawingu ilikuwa ikiingia, mlango wa mbele ukasukumwa na upepo, ukafunguka wenyewe taratibu hadi ukutani, na wanawake wawili wa nyumba ile waligeuka wakati mmoja kuutazama. Palikuwa patupu. Lakini nawaambia kweli, walitazama muda mrefu, na Mersiha ndiye aliyetazama zaidi.

Hapo akavunjika. "Mama," akaanza, "lazima nikuambie kitu. Kuhusu maharage."

"Kesho ofisi hazifunguliwi," akasema Zumra. "Jumatatu basi la asubuhi lipo?"

"La kwenda wapi?"

"Mjini. Kutoa damu." Alikuwa akiuvua mtandio na kuukunja mara nne, kama kawaida yake. "Maharage yanasema anakuja. Mtu akiwa anakuja, wa kwake humlaki njiani. Mimi nimekaa tu kama mfalme, namngoja afike mpaka mezani."

Mersiha akaenda kutazama saa za basi.

Jumatatu dada wa ofisi alimchoma Zumra kidoleni. Zumra aliuliza kama hilo tone linatosha, wachukue zaidi, yeye ana damu nyingi. Dada akasema linatosha. Wiki sita zikapita. Katika wiki hizo hakuyatupa maharage hata Jumamosi moja, na Devleta alikosa la kusema mpaka ikabidi aanze kumsifu imamu.

Majibu yaliletwa nyumbani. Dada wa ofisi alikuja mwenyewe, na mwenzake wa kiume aliyebaki amesimama, kofia mkononi. Ilikuwa saa nne asubuhi, mti wa mapea umechanua. Alisema walikuwa na hakika. Alisema asilimia, yenye tisa nyingi baada ya nukta, na Mersiha, aliyeishi kwa namba, aliziona zikipita kama ndege wa mbali. Kisha dada akaweka mezani mfuko mdogo wa plastiki.

"Hivi vilikuwa naye. Mama si lazima avione leo."

"Nitaviona," akasema Zumra.

Palikuwa na bizimu ya mkanda. Palikuwa na kibati cha tumbaku, kimeliwa na kutu. Mwanamume wa ofisi alikwisha kukifungua huko kwao, kwa hiyo kifuniko kilitoka kirahisi. Ndani yake, kwenye pembe, palikuwa na kitu kidogo cheusi, kilichokauka na kujikunja.

"Tuliandika kwamba ni mbegu," dada akasema. "Hatukujua ya nini."

Zumra alikichukua kwa vidole viwili. Alikisugua kwa kidole gumba, polepole, muda mrefu, mpaka upande mmoja doa jekundu likaonekana.

"Nilimpa mlangoni," akasema. "Nikamwambia, chukua moja, liwe nawe. Hayatakuwa mezani yote arobaini na moja mpaka urudi nalo." Akamgeukia binti yake. "Uliponiuliza, nilikuambia arobaini na moja. Sikusema uongo. Sikusema yote yako wapi."

Wageni walipoondoka, alikwenda chumbani, akaleta mfuko, akayamwaga maharage mezani. Mkono wake ulipita juu yake mara moja tu, ukashuka, ukaokota moja kati ya arobaini na moja, ukaliweka mbele ya Mersiha.

"Hili lako lirudi jikoni."

Mersiha alihisi uso ukimchemka. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mtupo wa kwanza. Linanuka jozi, na ni zito, halijashikwa na mtu. Wewe unadhani vidole vyangu ni vya kuazima?"

"Na tisa zile? Ulijua ni za uongo, na bado ulifua shati? Ulipika?"

Zumra alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko Mersiha alivyowahi kuisikia.

"Miaka ishirini na mitatu nayauliza, yananijibu nane. Nane haina jina, mwanangu. Unajua kuishi ndani ya kitu kisichokuwa na jina? Nilijua nitapata nane, ndiyo maana niliuliza. Nilikuwa naogopa jibu. Halafu wewe ukatia lako. Nikasema, angalau mtu mmoja katika nyumba hii anataka yaseme. Yakasema anakuja. Nikajipa mwezi mmoja wa kumpikia." Akafuta mashavu kwa kiganja. "Mwezi mmoja, Mersiha. Usinidai."

Mersiha alilia basi, kwa kelele, jinsi ambavyo hakuwahi kulia tangu mwaka wa vita. Alilia kwa ajili ya kaka yake, na kwa ajili ya mkate ule wa jibini ulioliwa na watu wawili. Mama alimwacha alie. Kisha akaliweka harage jeusi pamoja na mengine.

"Hesabu," akasema. "Wewe ndiye mwalimu."

Mersiha hakuwahi kuyagusa mbele ya mama yake maisha yake yote. Aliyasogeza moja moja kwa ncha ya kidole. La mwisho lilikuwa lile jeusi.

"Arobaini na moja."

"Haya."

Sasa yalikuwa kamili, na sasa yangeweza kusema tano, mara tatu katika mitupo minane, au tisa, mara tano. Mersiha alingoja mama ayagawe. Zumra aliyatazama kidogo, akayakusanya yote kwa ukingo wa mkono, akayarudisha mfukoni bila kuyauliza chochote, akafunga fundo.

"Mwambie Devleta awaite wanawake," akasema. "Alhamisi tutamsomea tahlili."

Kisha akainuka kwa kushika meza. Akachechemea hadi mlangoni. Aliziokota zile ndara, akazitia kwapani. Ufunguo ulikuwa juu ya msumari, mahali ulipokuwa siku zote, na kitasa kilikuwa kimeganda kwa kutu. Alijaribu kuuzungusha tunduni, ukagoma. Mersiha akaleta mafuta ya jozi jikoni, yaleyale, akadondosha matone mawili, na wakaushika wote wawili, mkono juu ya mkono, mpaka ukazunguka.